Niliomba Mvua Huku Omena Imeanikwa

Kwenye kanisa letu pale Kondele, mimi ndiye hupewa maombi mazito. Nina sauti. Nikisema "Baba", hata waliosinzia huamka wakidhani wameitwa wao. Kwa hiyo mwaka huu mvua ya masika ilipochelewa, na mahindi ya watu wa Seme yakaanza kujikunja majani, akina mama tulikutana Jumatano asubuhi kuomba mvua, na aliyesimamishwa mbele nikawa mimi. Hakuna aliyefikiria kuniuliza omena yangu iko wapi.

Omena yangu, wale dagaa wadogo wa ziwani, ilikuwa ufuoni Dunga, imeanikwa juu ya nyavu, mbichi kabisa. Ndiyo kazi yangu: naichukua ikitoka kwenye boti, naianika, nauza ikikauka. Siku moja ya jua kali inatosha. Ikinyeshewa kabla haijakauka, inaoza na kunuka, na mteja anayebaki ni yule wa kutengeneza chakula cha kuku.

Nilifumba macho nikaomba kwa nguvu. Niliita mawingu, nikataja Seme, nikataja Kombewa, ambako mama yangu mzazi analima peke yake na mahindi yake ndiyo chakula chake cha mwaka. Wanawake walilia. Na chini ya maneno hayo yote nilikuwa na ombi lingine, dogo, lisilo na machozi: Baba, lakini si leo. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Naona haya kuliandika.

Nilipofika Dunga mchana, mvua ilikuwa inakuja. Ilitembea juu ya ziwa. Upande wake maji yalichemka. Upande wetu yalikuwa yametulia, yanang'aa, na mpaka kati ya pande hizo mbili ulionekana wazi, ukisogea. Harufu ya udongo wa mbali ilitufikia kabla ya tone lolote. Ndege weupe waliruka kutoka kwenye mafunjo wote kwa pamoja. Wenzangu walikunja nyavu zao mbio mbio wakipiga kelele. Mimi nilisimama tu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, nami nilikuwa nakichukia.

"Ngoja," nikasema. Naiambia mvua! Mtu mzima.

Ikangoja. Matone machache yalipiga magugu ya maji karibu na ufuo, kisha ule mpaka ukasimama, ukapinda, ukaelekea Nyakach, ng'ambo ya ziwa. Jua likatoka. Mwenzangu mmoja wa pale ufuoni, ambaye asubuhi tulikuwa naye kanisani, alinitazama huku amekumbatia nyavu zake.

"Wewe Mama, kwani uliomba aje? Si tulisema ikuje?"

Nilicheka. Miaka yote hiyo nimeomba kwa mdomo. Siku hiyo ndiyo niliogopa kwa mara ya kwanza kwamba kuna anayesikiliza. Imani, kama hiyo ndiyo imani, ilinikuta nikiwa mwizi. Nilipindua omena yangu ikauke upande wa pili, maana kazi ni kazi, na sikuthubutu kutazama juu.

Jioni mama yangu alinipigia simu.

"Nyara," akasema, maana hivyo ndivyo huniita kwa lugha ya kwetu, yaani binti yangu, "mliomba leo?"

"Tuliomba, Mama."

"Tuliona wingu, kubwa. Jirani wakatoa hata ndoo nje. Halafu ikapita."

Nikamwambia Mungu ana wakati wake. Mimi huyo huyo, kwa mdomo huo huo.

"Ni sawa. Sasa omena yako je? Ilinyeshewa?"

"Hapana, Mama. Imekauka vizuri."

Nilimsikia akishusha pumzi.

"Asante Yesu. Hiyo ndio mimi nilikuwa naomba. Nikaona wingu inakaa upande yenu, nikasema, Baba, pitisha huko mbali kwanza, msichana wangu ameanika. Mahindi itangoja."

Nilikuwa nimeketi kando ya magunia yangu. Nilitaka kumwambia yote. Nikamwambia netiwaki inasumbua, simsikii.

"Haya nyara, lala salama!" akapaza sauti ili nimsikie. Nilimsikia vizuri sana.