Yaya Aliyezaliwa Nyuma Yangu

Kama alianza, basi ataisha? Swali hilo liliniondolea usingizi nikiwa na miaka kumi na miwili, na hata leo, diploma yangu ya chuo kikuu ikiwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, bado hunijia pamoja na harufu ya maganda makavu ya maharage. Aliyeliuliza ni Yaya Ngave; yaya, kwetu, ni dada mkubwa. Tulikuwa uani kwetu, mtaa wa Bigo, jua likishuka, ungo katikati yetu, nami nilikuwa nimetoka tu kumwambia uongo kuhusu Mwokozi. Nilimwambia, "Weye toa tu maharagi. Wazee hawataulizaka hiyo."

Ngave alifika kwetu katika miaka ambayo risasi zilikuwa zimenyamaza mjini. Nasema zilinyamaza, sisemi zilikwisha. Magari meupe ya walinda amani yalipita, vumbi jekundu likatua kwenye nguo zilizoanikwa. Watu waliezeka nyumba upya, lakini baba aliiacha mifuko miwili imefungwa nyuma ya mlango, ikiwa tayari kubebwa. Ngave alitoka upande wa Djugu na sketi moja na sufuria isiyo na mfuniko. Mama yake, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa amefariki, na nyumba yao ilikuwa imeteketea. Nilimhurumia siku tatu hivi. Siku ya nne mama alinivua ufunguo wa nyumba shingoni, akamvika yeye.

Ufunguo ule ulining'inia kwenye uzi wa bluu, na uzi ulikuwa umeshika harufu ya shingo yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Mimi ndiye niliyembebea mama Biblia kwenda kanisani, niliyewagawia wadogo zangu mboga ya sombe, niliyewasalimu wageni kabla ya wengine.

"Mama, huyu nimemuzidi miezi sita," nilisema. "Namna gani mi nimuite yaya?"

"Mama yake alizaliwa mbele yangu. Hata angezaliwa jana, yeye iko tu mukubwa yako."

Mdogo wangu Toto, aliyekuwa analamba mwiko, alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi pembeni yake. "Kuja, Riziki. Sasa weye iko mudogo kama siye."

Walicheka wote, na Ngave naye alicheka kidogo huku ameshika ufunguo kana kwamba unamwunguza. Nadhani alikuwa tayari kunirudishia. Hilo lilinichukiza zaidi, maana ningependa awe na kiburi, ili nipate sababu. Hakunipa. Alifagia ua kabla sijaamka, alimwita mama "mama" bila kuombwa, na majirani walianza kuja mlangoni wakimwulizia yeye kwanza.

Mwaka huo sote wawili tulikuwa katika darasa la ubatizo. Mwalimu wetu wa katekisimu, fundi cherehani mwenye sauti ya chini, alitufundisha kila Jumamosi nyuma ya kanisa, tukiwa tumeketi juu ya magogo ya mkaratusi. Alituambia kwamba Mwokozi hakuanza kuwako siku aliyozaliwa. Alikuwako siku zote pamoja na Baba, Mungu kamili, kabla ya mlima wa kwanza na mto wa kwanza. Kwa Maria alipata mwili, hakupata mwanzo. Akatuambia pia juu ya Yohana Mbatizaji, aliyetangulia kuzaliwa kwa miezi sita, lakini akampisha Mwokozi kwa sababu Mwokozi alikuwako kabla yake. Wenzangu walisikia habari za Mungu. Mimi nilisikia habari za ufunguo. Miezi sita, hesabu ileile. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba hata mbinguni kulikuwa na mtu wa kumtetea Ngave, na kwamba Yohana, kama angekuwa mkweli, angekiri kwamba ilimuuma.

Ngave hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha polepole, kwa hiyo mama aliniamuru nimfundishe majibu kwa mdomo. Nilimfundisha vizuri. Majibu yote yalikuwa sahihi, isipokuwa moja. "Mwokozi alianza kuwako lini?" Kijitabu cha katekisimu kilijibu kwamba hakuanza. Mimi nilimwambia aseme, "Alianza Betelehemu, siku aliyozaliwa." Nilitaka afeli, ndiyo. Lakini nilitaka pia jibu langu liwe la kweli. Nilitaka dunia ambamo anayefika nyuma anahesabiwa tangu siku aliyofika.

Alilirudia mara tatu. Kisha akauliza lile swali lake. Leo naona kwa nini msichana ambaye nyumba yake na mama yake vilikwisha aliuliza hivyo. Wakati ule niliona tu kwamba hata uongo wangu ameuelewa kunishinda.

Siku ya mtihani wazee watatu wa kanisa walikaa mezani, nasi tukasimama mstari mmoja. Kwa kuwa alikuwa yaya, Ngave aliitwa kabla yangu. Mzee wa katikati, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alimwuliza lile swali, naye akajibu kwa sauti safi kama nilivyomfundisha. Watoto waliokuwa dirishani wakacheka. Mzee akavua miwani, akanigeukia mimi, akaniuliza swali lilelile. Ningeweza kukosea pamoja naye. Nilikuwa na muda wa kuwaza hivyo, maana mimi huwaza kila kitu. Nikajibu sawasawa.

Ngave alinitazama mara moja, kisha akatazama miguu yake.

"Si munatoka nyumba moja?" mzee alimwuliza. "Weye nani alikufundisha?"

"Ni mi nilisahau, muzee."

Nilibatizwa mtoni mwezi uliofuata; yeye aliambiwa arudie darasa. Ngave alisimama ukingoni ameshika nguo zangu kavu, na nilipotoka majini nikitetemeka, nilimsikia mama mmoja akisema, "Muone yaya yake, namna iko na roho muzuri." Hata siku yangu ilikuwa yake.

Hakurudi tena darasani. Alikua, akajifunza kushona kwa yule mwalimu wetu, akaolewa, akahamia mtaa wa Rwambuzi. Mpaka leo, Meza ya Bwana inapoandaliwa, sahani hufika kwake kwenye viti vya nyuma naye huipitisha kwa jirani bila kuchukua. Mimi huchukua. Ninaandika barua za kuomba kazi ambazo hazijibiwi, yeye ana wateja wanaomsubiri, na mama akisafiri humpelekea ufunguo yeye, ingawa ninayelala katika nyumba ile ni mimi. Wivu wangu haukukua wala kuzeeka. Una miaka kumi na miwili.

Mwezi uliopita kanisa liliniomba nifundishe darasa la ubatizo, kwa kuwa nimesoma. Nilifungua kijitabu, nikafika kwenye lile swali, nikakifunga. Nilichukua pikipiki mpaka Rwambuzi.

"Yaya, ile swali ya ubatizo," nilisema. "Nilikufundisha mubaya. Nilijua, nikafanya kusudi."

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Nilijua toka siku ile. Weye ulijibu muzuri mbele yangu, mi si kiziwi."

"Sasa juu ya nini haukurudi?"

"Wangeniuliza tena nani alinifundisha. Ningedanganya mara mbili kanisani?"

Nilimwuliza kuhusu swali lake, kama alianza, basi ataisha. Akacheka. "Weye bado unabebaka hiyo? Mi nilijijibu zamani. Nyumba yetu ilianza, ikaisha. Mama alianza, akaisha. Yeye Mwokozi mpaka leo bado iko. Basi hakuanza."

Nilimwonea wivu palepale, cherehani ikiwa kati yetu. Miaka yote ile nilizunguka na vitabu, na yeye alikuwa amefika zamani.

Jioni ileile tulikwenda pamoja kwa mzee wa miwani, ambaye sasa hatoki sana. Mlangoni nilisimama nyuma yake, kama mdogo anavyopaswa, kisha nikamshika mkono.

"Yaya, leo uniache nitangulie."

Alinitazama, akasogea pembeni. "Haya. Ingia, mukubwa."

Nikaingia, nikamsalimu mzee, na kabla hajanionyesha kiti nilimwambia nani alimfundisha Ngave lile jibu.