Mtaro wa Faustine

Wacuka wa gazeti la kanisa, hunipi raha. Kalamu inanishinda, darasa la pili niliacha mwenyewe, na bado unataka niandike maisha ya Faustine. Haya. Naandika kwa sababu nimechukia.

Faustine ni jirani yangu hapa ukingoni mwa Alief, huku ughaibuni. Kwetu Tanzania alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kuamua ugomvi wa kuku na mipaka. Nyuma ya nyumba yake kuna mtaro. Mafuriko ya 2017 yalipitia humo yakamfikia mpaka kitandani. Miaka miwili sasa umeziba: magodoro, matairi, mbwa aliyekufa. Unanuka mpaka chai hainyweki. Mvua kubwa ikija, nyumba inaondoka, na hana nyingine.

Akaenda kwa meya. Wakamwambia jiji linaishia katikati ya barabara. Ng'ambo ile wana meya, upande wetu ni kaunti tu. Ptuu! Barabara moja hiyo hiyo! Akaenda kaunti. Kumbe nayo imekatwa vipande vinne kama mkate, kila kipande na kamishna wake, naye kaingia kwa asiye wake. Mwisho akaambiwa aje barazani aseme mbele ya makamishna wote. Dakika tatu.

Nilikuwepo, na bintiye Theodora. Faustine kavaa koti lake, kasimama. Akamsalimu mwenyekiti. Akamuuliza hali ya nyumbani, watoto, wazee. Akampa pole ya kazi. Akahamia kwa kamishna wa kwanza.

“Baba, sema mtaro!” Theodora akanong'ona.

“Tulia wewe. Siingii kwa watu bila hodi.”

Alikuwa kwa kamishna wa tatu kengele ilipolia. Wakamshukuru, wakamwita mwingine. Mtaro hakuutaja.

Kwenye gari Theodora analia. “Si ungewasalimu wote kwa mkupuo, Baba?”

“Kwani wamezaliwa na mama mmoja?”

Mimi sikucheka. Mliocheka ni nyinyi wa kanisani, Jumapili baada ya ibada, mdomoni mmejaza sambusa za Theodora. Mnanitia kichefuchefu. Magari mnayo, Kiingereza mnacho, barazani hakuonekana hata mmoja.

Baraza linakaa tena Jumanne. Faustine atasalimu vile vile, na mimi simwambii aache. Basi jiandikisheni nyuma yake, kila mtu na dakika zake tatu, na msisalimu yeyote. Semeni mtaro. Asiyekuja asinipe mkono wake kanisani.