Esposito, Mkwe Wangu

Mkwe wangu Firmin ni fundi cherehani hapa mtaani Bellevue, na majivuno yake yanazidi kazi yake. Mimi Victorine nasema ninachokijua, maana vyumba vyetu vinagusana tangu alipomwoa binti yangu Sagesse. Jina lake la ukoo ni Esposito. Baba yake alikuwa Mwitaliano, fundi wa reli kule Likasi, akazaa na mama mmoja muuza mikate, halafu akarudi kwao kabla mtoto hajaota meno. Akamwachia rangi kidogo na hilo jina. Kwa hilo jina Firmin anatembea kama amemeza ufagio.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Sisi tunapitisha maneno kwa Sagesse, yeye kakaa katikati, na kila mtu anasikia.

Mwaka 2017 Sagesse akazaa mtoto wa kiume. Nikataka apewe jina la marehemu mume wangu, Ruphin, ili mzee arudi nyumbani kupitia mjukuu.

"Mwambie mumeo mtoto ni Ruphin."

"Mwambie mama mtoto ni Esposito. Kina Ruphin wamejaa mpaka sokoni."

"Mwambie hao Esposito wake hata mmoja hajawahi kuleta kuku hapa."

Hilo lilimchoma. Kwetu mtoto anapewa jina na mkubwa wa ukoo, anakuja, anambeba, analitamka. Firmin akaona atamtafuta mkubwa wake. Kwake yeye, watu wa jina moja ni damu moja. Jumamosi akavaa suti aliyojishonea, akapanda teksi kwenda klabu ya Waitaliano mashariki ya mji, na kitenge kizuri cha zawadi.

Jioni akarudi nacho hichohicho kitenge. Akamsimulia mkewe, na mimi masikio ninayo. Alimpata kweli mzee mmoja Esposito, anacheza karata. Alipomwita baba mkubwa, mzee akacheka mpaka wenzake wakageuka. Akamwambia kwao Napoli kina Esposito wako kila mtaa, na hawajuani. Zamani watoto wachanga walioachwa mlangoni kwa masista, wazazi hawajulikani, ndio waliopewa jina hilo. Maana yake aliyewekwa nje. Baadaye ikakatazwa kulitoa, lakini waliokuwa nalo walishazaana.

"Sisi si ukoo, kijana," mzee akamwambia. "Tuko wengi tu."

Nilicheka bila kujificha. "Mwambie mumeo, kumbe jina lake ni la watoto wa kutupwa. Limemkaa vizuri kuliko suti."

Kabla Sagesse hajalipitisha, Firmin akageuka akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Limenikaa, mama. Mimi baba aliniacha. Huyu je, nani kamwacha? Mimi niko hapa."

Mkwe hajibiwi uso kwa uso, na hata angejibiwa, raha hiyo nisingempa.

Jumapili tukampeleka mtoto kanisani kubarikiwa, mchungaji akauliza jina. Nilishajiandaa kusema. Firmin akanitangulia.

"Alexis Firmin. Hilo la pili ni langu, baba yake."

Esposito hakulitaja, na Ruphin wangu hakumtaja. Watu wakasema amina. Wali wa sherehe waliniletea chumbani, nikaurudisha na sahani yake. Mpaka leo mtoto akija chumbani kwangu namwita Ruphin, na baba yake akisikia anakanyaga cherehani kwa nguvu.