Vyuma vya Bafuni

Mfuko wa watu wenye ulemavu ulikubali kunitengenezea bafu katika nyumba yangu pale Ngoingwa. Fundi akapanua mlango ili kiti changu cha magurudumu kipite, akaweka choo kipya na kufunga vyuma vya kushikilia ukutani. Shemeji yangu, aliyeitamani nyumba hiyo tangu mume wangu afariki, akaingia na nyundo kubwa.

“Hii ni boma ya kwetu! Enda uoge kwenu!”

Akavunja choo hicho, vipande vikanikata uso. Alipoinua nyundo tena nilishika chuma, nikajivuta, nikamng'ata mkono hadi damu yake ikanijaa mdomoni. Akapiga mayowe, nyundo ikamponyoka. Majirani wakamburura nje.

Fundi alirudi kuweka choo kingine. Siku hiyo nilioga peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani.