Ufunguo wa Sanduku la Vitabu

Nakumbuka siku moja, mvua zikianza kukatika, mwanangu, siku nisiyoisahau. Wewe umepewa ufunguo wa maktaba ya shule. Mimi nilipewa wa sanduku la vitabu, hapa hapa Itaka, enzi za Mwingereza, nami niliishia darasa la pili. Mwalimu Halinga alinichagua kwa ajili ya kichwa changu tu, kisichosahau. Tabu Mgala ana kitabu cha wanyama, Yohana Mwazembe cha hesabu, Eliza Simbeye cha ramani. Yote nilikuwa nayo bila kuandika. Aliponiletea daftari la kuandikia wanaoazima, nililitupia nyuma ya sanduku. La nini?

Raha ilikuwepo, sikufichi. Hata walionizidi umri walinipangia mstari wakiniita Dada wa Sanduku.

Basi kitabu cha ndege kikapotea. Nikasimama mbele ya darasa.

"Atupele Nzowa, wewe ndiye wa mwisho. Kilete."

"Dada, nilikurudishia mkononi. Ulikuwa unatafuna hindi."

Darasa zima likacheka. Nikapandwa na hasira. "Kichwa changu hakikosei. Mwizi wewe!"

Neno hilo, mwanangu! Baba yake akamwondoa shule siku ile ile, akampa jembe.

Wiki ya tatu, mama alipanda darini kuteremsha mahindi, mimi nachochea moto. Kitu kikaanguka kando ya mafiga, pu! Kitabu cha ndege, jalada jeusi kwa moshi. Ndipo nikakumbuka. Nilikichukua mimi, jioni ile ya hindi, nikatazame picha. Paa likavuja, nikakipandisha darini kisilowe. Majina ya wote yalikuwa kichwani, langu halikuwemo. Mwenye ufunguo nilijiona siazimi.

"Kimefikaje huku?" mama akauliza.

Nilikwenda kwa Mzee Nzowa, baba yake Atupele, kitabu kifuani, nikakiri. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Ulimtukana mbele ya darasa. Hapa uani unamsafishia jina kwa nani?"

Kesho yake nikasimama pale pale mbele ya darasa, nikasema mwizi si Atupele.

"Kumbe nani, Dada?" akauliza Yohana.

Nikajitaja. Hata kucheka hawakucheka. Mwalimu Halinga akaliokota daftari lake, akalipuliza vumbi. "Anza na jina lako," akasema.

Atupele alirudi. Lakini tangu siku hiyo hakuniachia kitabu mpaka aone nimeandika, na wino umekauka.

Kwa hiyo shika hili. Ukichukua kitabu, hata cha kupitishia usiku mmoja, jiandike kama unavyowaandika wengine. Kikipotea, pekua kwanza nyumbani kwako, ndipo umuulize mtoto wa mwenzio, tena umuulize pembeni. Kitabu nilikirudisha sandukuni. Lile neno sikuweza kulirudisha mdomoni.

Mungu akupe mikono ya kutunza na ulimi wa taratibu. Na kila mtoto atakayegonga mlango wako aondoke na kitabu chake, na jina lake likiwa safi kama alivyokuja nalo.