Mama hakuwa mlevi

Leo nimejua nimemkosea mama yangu miezi mitatu mizima.

Tangu msimu wa kuchuma pamba, mama alikuwa akiyumba asubuhi. Akiinuka kitandani anashika ukuta, siku nyingine anatapika.

Pale kwetu Ngulyati watu wakasema anakunywa. Kwaya ya kanisa aliyokuwa akiimba ikamsimamisha uimbaji. Na mimi, binti yake wa kumzaa, nikaamini.

Leo nimempeleka kliniki moja Bariadi mjini, nikitegemea daktari amkemee.

Daktari akamuuliza tu, "Mama, kizunguzungu kinakuja ukifanya nini?"

"Nikigeukia kulia kitandani. Nyumba yote inazunguka, halafu inatulia."

Akamlaza chali, kichwa kimegeukia kulia. Macho ya mama yakaanza kuchezacheza yenyewe. Akanikamata mkono kwa nguvu.

Jamani, yale macho nimeyaona mwenyewe.

Daktari akasema ni chembe ndogo ndani ya sikio, zimehama mahali pake. Akamgeuza kichwa polepole upande wa pili, akangoja, kisha akamlaza ubavu na kumkalisha. Alituonya kuwa hali hiyo inaweza kujirudia, ikirudi tumpeleke tena.

Mama akatembea hadi nje bila kushika kitu.

Nikamwambia, "Nisamehe, mayu. Hata mimi nilidhani ni pombe."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona ukinusa kikombe changu."



Ndugu zangu wa kwaya, najua mnasoma hapa. Jumapili nakuja naye. Mtamwambia nini?