Kidole cha Shemeji Sulochana

Saa moja kasoro robo asubuhi, Sulochana Bhuwad amelala kifudifudi katikati ya uwanja wa Kelvadi, kidevu kimegusa udongo mwekundu, jicho moja amelifumba. Anatazama kama mwanzi uliosimikwa nje ya mpaka wa uwanja umelingana sawasawa na vijiti vitatu vya wiketi. Juu ya mwanzi kuna simu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shemeji, umelala au unasali?" anamtania mchezaji mmoja anayenyoosha misuli.

"Nakupimia kaburi," anajibu bila kuinua kichwa. "Kushoto, Ganpat. Kidogo. Hapo hapo."

Ganpat, mumewe, anashindilia udongo kwenye shina la mwanzi na kuupiga teke kuujaribu. Umekaa.

Sulochana, shemeji wa kila mtu hapa, ana miaka arobaini na mmoja. Siku za wiki hushona sare za shule. Jumamosi na Jumapili, tangu mvua zikatike hadi zirudi, ni mwamuzi wa kriketi ya mpira wa tenisi katika vijiji vya upande huu wa mji wa Chiplun, magharibi mwa India, kwa rupia mia sita kwa siku na chakula cha mchana. Huvaa shati jeupe la mumewe juu ya sari, na mkononi hushika vikokoto sita. Kila mpira ukirushwa, kikokoto kimoja huhamia mkono wa pili, asipoteze hesabu.

Leo ni fainali, na kamati imemwambia bila kumung'unya: akiharibu tena, asirudi.

"Tena," anarudia, akijipangusa vumbi. "Hilo neno ndilo linaloniamsha kabla ya jogoo."

Mwaka jana, fainali ilikuwa hiyohiyo, kati ya vijiji vya Kelvadi na Pimpalkhind. Mpira wa mwisho. Pimpalkhind walitaka mikimbio miwili, na nahodha wao, Nilesh Dhamale, alipunga gongo kwa nguvu zake zote. Mpira ukapita, ukadakwa nyuma ya wiketi. Kama umegusa gongo, Nilesh ametoka. Kama haukugusa, yumo. Kidole cha Sulochana kikapanda juu. Ametoka.

Jioni hiyohiyo video ilizagaa. Ukiipunguza mwendo, kati ya mpira na gongo palipita mwanga mpana kama mkate wa mchele. Watu laki mbili waliitazama. Kwenye mashine ya kusaga unga, wanawake walimpisha foleni wakisema asije akatoa mtu nje. Pimpalkhind, waliokuwa wakimpa sare zao za shule kila Juni, wakatafuta fundi mwingine.

"Niliitazama mara arobaini," anasema. "Mara ya arobaini na moja nikafumba macho, nikaisikiliza tu."

Hapo ndipo alipojikamata. Mpira wa tenisi ukigusa gongo hutoa sauti hafifu sana. Na viwanja vya pwani hii ya Konkan havikosi mtangazaji: anakaa jukwaani na kipaza sauti, spika zimefungwa kwenye miti kila kona, na hanyamazi kuanzia asubuhi hadi kombe linapobebwa. Siku ile mtangazaji, Baban Pavaskar, alipiga kelele "Imegusa, imegusa!" Kisha ndipo kidole kikapanda.

"Sikuusikia mpira. Nilimsikia Baban," anasema Sulochana. "Kidole changu kilimtii mtangazaji."

Akaenda kwa Baban na ombi ambalo hakuna aliyewahi kulitoa bondeni hapa: mrushaji akianza kukimbia, mtangazaji anyamaze mpaka mwamuzi aamue.

"Ninyamaze?" Baban anakumbuka jinsi alivyomjibu. "Shemeji, watu wanakuja kunisikiliza mimi. Wachezaji ni mapambo tu."

Ombi la pili, hili kwa kamati, lilikuwa mwanzi wenye simu ya kurekodi, na kila timu iruhusiwe kupinga uamuzi mara moja, mwamuzi aangalie marudio. Waamuzi wenzake ndio waliokasirika zaidi. Naye Vasant Surve, mwenyekiti wa kamati, alimwambia mbele ya watu, "Mwamuzi anayeomba kamera ni kama dereva anayewaomba abiria wamshikie usukani."

"Kama dereva haoni vizuri, bora wamshikie," akajibu. Kamati ikakubali maombi yote mawili kwa shingo upande, hata lile la Baban kunyamaza.

Sasa ni alasiri. Pimpalkhind wanahitaji mikimbio kumi na minane katika ova mbili, yaani mipira kumi na miwili, na anayeingia kupiga ni Nilesh Dhamale. Anapompita Sulochana hamsalimu. Mrushaji anaanza kukimbia, Baban anaziba mdomo kwa kiganja, na uwanja wa watu elfu mbili unakuwa kimya hata mafuta ya muuza vitumbua yanasikika yakichemka.

Nilesh anapunga. Tk. Mpira uko mikononi mwa mlinda wiketi, Kelvadi nzima inadai ametoka.

Sulochana ameisikia kwa masikio yake mwenyewe. Kidole kinapanda.

"Mwaka huu tena, shemeji?" Nilesh anauliza kwa sauti ya chini. Kisha anachora mraba hewani: anataka marudio.

Simu inateremshwa. Sulochana anatazama mara moja, mara mbili, mara tatu, simu ameifunika kwa sari yake kukinga jua. Gongo limekwaruza udongo. Mpira umepita kando, haukugusa chochote.

Angeweza kusema picha haionekani vizuri. Jua lilikuwa kali, na simu ilikuwa mikononi mwake peke yake.

Anarudi katikati taratibu. Anapishanisha mikono kifuani, kila kiganja kwenye bega la pili, ishara ya mwamuzi kufuta neno lake. Wengi hapa hawajawahi kuiona.

"Nimekosea, kaka. Rudi ucheze."

Nilesh anashika gongo lake upya. "Ungesema hivyo mwaka jana, kombe lingekuwa kwangu."

"Mwaka jana sikuwa na mwanzi."

Makofi yanaanzia upande wa Pimpalkhind. Mpira unaofuata unavunja vijiti vya Nilesh viwili kwa mpigo. Anageuka kwa mwamuzi, anacheka bila kutaka. "Huu hata Baban ameuona."

Kelvadi wanashinda, na safari hii hakuna anayebishia kombe. Surve anakuja na bahasha yake. "Umekosea mbele ya watu elfu mbili," anamwambia.

"Ndiyo. Umemsikia hata mmoja akinitukana?"

Mwenyekiti anakuna shingo. "Januari njoo. Na huo mwanzi wako."

Lakini macho ya Sulochana yako Juni, kwenye mtihani wa waamuzi wa wilaya. Huko hutumika mpira wa ngozi, na hakuna mtangazaji atakayenyamaza kwa ajili yake.

Kwa hiyo kila jioni, cherehani ikifunikwa, hukaa uani akiwa amefumba macho. Ganpat hurusha mpira, jirani hupunga gongo, na Baban, ambaye sasa hulipwa kwa sharubati ya kokam, tunda chachu la pwani hii, humpigia kelele sikioni: imegusa, imegusa, imegusa. Sulochana hutaja anachokisikia kweli. Wiki iliyopita alipatia ishirini na nne kati ya thelathini.

"Nataka zote thelathini," anasema.

Baban anakohoa. "Ukizipata zote, mimi sitakuwa na sauti ya kukutangaza."

"Utapumzika Julai," anasema Sulochana, na kufumba macho. "Haya, piga kelele."